Vitabu vya Matanga ya Baba

Bunia, asubuhi

Mama yangu mupenzi,

Unalala namna gani tangu Baba alituacha? Na ile goti? Yaya Anyesi, dada yetu mukubwa mwenye analala na weye sasa, asinifiche: kama hauli, aniambie. Miye niko muzima, lakini moyo uko chini. Siku arobaini zinaisha na balabala ya kwetu ingali imefungwa juu ya vita; kwa ziwa, wauza samaki na mizigo tu ndio wanapita. Sikumuzika Baba, na kwa misa ya kumaliza matanga sitakuwapo. Ndiyo maana nilitaka vitabu vya misa, vyenye maisha yake na sala, vitoke mukononi mwangu.

Mama, nimeviharibu.

Hapa imprimerie, fasi ninafanya kazi ya kuchapisha vitabu, kurasa hazipangwi moja, mbili, tatu. Karatasi ikikunjwa ndipo zinafuatana. Zamani tulipanga kwa mukono, sasa patron wetu wa kazi ameweka programu mu ordinateur, ile kompyuta. Mbele ya kuianzisha unaiambia: karatasi zitaingia moja ndani ya ingine, ao zitakaa moja nyuma ya ingine? Juma lililopita tulitengeneza kitabu cha masomo cha kushona, karatasi moja nyuma ya ingine. Niliacha programu vile vile. Tena desturi yetu ni kukunja kitabu kimoja kwanza na kukisoma chote. Sikukisoma. Kwa ukurasa wa kwanza kuna picha ya Baba na kofia yake, sikuweza kuiangalia. Nikabonyeza tu, nikakunja zote moja ndani ya ingine, nikapiga agrafi, vile vyuma vidogo vya kushika karatasi.

Jana paketi ya vitabu ilishuka Kasenyi, kando ya ziwa, kungojea mutumbwi. Jioni ndiyo nilifungua kitabu kimoja kilichobaki. Baba anazaliwa, mara moja tunamuombea, anazikwa, tunashukuru watu waliokuja. Nyuma ya hapo ndiyo anakuwa mukatekista, anakuoa, siye tunazaliwa. Nililia mbele ya wafanyakazi wote, bila haya. Patron akasema, "Karatasi imeisha, mutoto yangu, na mutumbwi haungoji. Andikia mama yako."

Mama mumoja muuza samaki anashuka leo na barua hii. Kama inafika mbele ya misa ya Siku ya Mungu, Yaya atoe agrafi zote. Kila kitabu kina karatasi mbili. Ile ya ndani aitoe, aiweke nyuma ya ile ya picha, ashone kwa uzi kwenye mukunjo, sawa vile Baba alikuwa anashona vitabu vya nyimbo. Sindano yake kubwa iko mu sanduku la katekisimu. Watu wa kwaya wamusaidie, viko vingi.

Unisalimie Baba mudogo, mwenye alinishikia fasi yangu kaburini. Umusalimie shangazi wa kule muziwani, na watoto wa Yaya wote.

Kimoja musikishone, Mama. Munichungie vile kilivyo. Mu kile, Baba anazikwa kwanza, halafu anakuja kukuoa.

Mutoto wako wa kiume,
Unen