Pampu Iliyonyamaza Namuwongo

Mama Neema wangu,

Salamu za Kampala. Mvua imekatika sasa hivi. Gari letu kuukuu limenigomea hapa Namuwongo. Stata inazunguka vizuri, injini haiwaki. Nilinusa ekzosi, hakuna harufu ya petroli, nikashuku pampu. Lakini mtu mmoja hawezi kufungua swichi huku ametega sikio kwenye tangi kusikia kama pampu inavuma, nikamwomba mama muuza chapati anifungulie.

"Kwenu nani nasaidiaga wewe?" akauliza. Nikamwambia, mke wangu.

Nikalala chini, akafungua. Pampu kimya. Na kule mbele hakuna aliyeuliza kama wewe, "Baba Neema, umesikia?"

Kesho nafunga pampu nyingine. Ukisoma kadi hii, niulize huko huko uliko. Nitaitikia.

Baba Neema