Lava Imemfikia Mkuu wa Shule

Mwenzangu, nimejifungia stoo ya vitabu.

Nimemmwagia mkuu wa shule uji. Uji! Tena kwenye somo la majaribio, lile la kuamua kama wananiajiri au nafungasha virago.

Nilikuwa nafundisha jinsi lava inavyotiririka. Sinia nimeliinamisha, ndio mlima wetu. Uji mzito uliopoa ukajikokota kama mtu aliyeitwa kuosha vyombo. Nikawaambia lava nyepesi yenye joto hukimbia zaidi, na mteremko ukiwa mkali ndiyo balaa.

Sasa mkuu, si unamjua? Kiti chake lazima kiwe mbele kabisa. Na mbele ndiyo chini ya mlima!

Nikamnong'oneza, "Mkuu, sogea kidogo."

Akajibu darasa zima lisikie, "Binti, hapa mkuu ni mimi. Inua mlima!"

Nikamimina uji wa pili, ule mwepesi wa vuguvugu, nikainua. Yaani nikainua kweli!

Ukamvamia mapajani. Suruali ile ya kijivu ya vikao!

Mkuu akajipangusa. Akajikaza, akauliza, "Nani ataeleza kwa nini lava imenifikia?"

Msichana wa dawati la mbele akasimama: "Ilikuwa nyepesi, ina joto, na mteremko ni mkali. Halafu mwalimu alikuambia usogee."

Nilitamani ardhi ipasuke.

Ngoja, mkuu anagonga mlango.

Hakuingia. Amesema kwa nje tu, "Binti, wameelewa. Umeajiriwa. Ila wiki ijayo utafundisha majangwa."