Pantoni Mbili, Mpaka Mmoja

Mama,

Shikamoo. Nimekaa na neno hilo muda mrefu kabla ya kuliandika, maana najua hakuna wa kuitikia. Lakini siwezi kuanza kuongea na wewe bila kukuamkia. Ungeniuliza, "Kwani tumelala pamoja?"

Nakuandikia nikiwa ndani ya Noah. Ipo palepale uani kwetu Chang'ombe, pua ikiangalia geti kama ulivyopenda, ili asubuhi usihangaike kugeuza. Nimekaa kiti cha dereva. Usishtuke, nitakueleza.

Tulipokupeleka Same kukuzika, watu walisema ni vizuri umelala nyumbani, karibu na Bibi. Ni kweli. Ila Same si mahali ninapoweza kwenda jioni nikikukumbuka. Kwa hiyo nakuja hapa. Kiti chako bado kina lile shimo dogo ulilokuwa ukilichokonoa kwa kidole tukikwama kwenye foleni.

Wale watoto uliokuwa unawapeleka shule sasa wanachukuliwa na Hiace ya kijana mmoja wa Tandika. Inapita hapa getini kila asubuhi, na yule mdogo wa Mama Feisal bado anatoa kichwa dirishani na kuuliza kwa sauti, "Mama Noah yuko wapi?" Mwanzoni nilikuwa najificha nyuma ya geti. Siku hizi natoka, nampungia mkono. Swali lake sijibu.

Baba amejifunza kupika wali usioungua. Jumamosi anaiosha Noah ndani na nje, ingawa haibebi tena watoto wa shule, halafu anakaa kiti cha abiria, mlango wazi, anasoma gazeti. Unamjua na usukani: hajawahi kuushika na hataki kusikia habari zake. Anakaa tu pale, kama mtu anayemsubiri dereva wake.

Na ile kalenda bado ipo ukutani jikoni, imegeuzwa, upande wenye ramani yetu ukiangalia nje. Barabara uliichora wewe kwa kalamu nyekundu, bahari nikaipaka mimi kwa chaki ya buluu. Tunaanzia hapa, tunapita Mbezi Beach, Bunju, Bagamoyo, Makurunge, Saadani, mpaka Bweni. Hapo mto. Pantoni ya kwanza, tunavuka kuingia Pangani. Halafu Tanga, halafu Horohoro, tunagonga mihuri, tunaingia Kenya. Ukunda uliandika "madafu" na kupiga mstari chini yake. Halafu Likoni, pantoni ya pili, na ng'ambo yake ndipo alipo Mama Mkubwa Eliwaza.

Miaka yote ulikuwa unakwenda kwake kwa basi. Unapandia Mbezi Luis, unalala Chalinze, unaamka mpakani. "Nasafirishwa kama gunia la vitunguu," ulisema. "Nomi, ukimaliza tu kidato cha sita, tunakwenda kwa Noah, tunaifuata bahari. Pantoni mbili, mpaka mmoja." Ulikuwa ukiitamka hivyo kama kondakta, hata ukiwa unakuna nazi.

Sijawahi kukutana na mtu anayependa pantoni kama wewe. Daraja la kwenda Kigamboni lipo karibu na kwetu, tungelipita tukafika kiwanjani kwetu Kibada huku chai bado ya moto kwenye chupa. Lakini wewe lazima uzunguke mpaka mjini ukapange foleni Magogoni. Ulisema darajani mtu anapita tu, lakini kwenye pantoni anavuka.

Mimi nilikuwa naiogopa kwa sababu ya ile sheria. Abiria wote washuke, waingie kwa miguu, dereva abaki na gari. Mara ya kwanza nilikuwa mdogo, ukamwita mama mmoja kwenye foleni, mgeni kabisa: "Dada, nishikie huyu mpaka ng'ambo." Akanishika mkono. Akaniuliza jina, kimya. Akaniuliza nasoma wapi, kimya. Tulipofika akakukabidhi mtoto wako huku ananionea huruma: "Pole dada, kumbe hasemi." Ulicheka mpaka ukaegemea usukani. Tangu siku hiyo, nikikaa kimya mbele ya wageni, unawaambia, "Pole, kumbe hasemi."

Nilipokua nikawa navuka peke yangu. Kabla sijafunga mlango ulikuwa unaniambia neno lilelile: "Ukifika, simama mahali ninapoweza kukuona." Na mimi, unanijua, nikifika nilikuwa najibanza nyuma ya wauza machungwa. Basi nasikia honi ya Noah, ile yenye sauti ya mbuzi mwenye mafua, mara mbili. Natoka mbio nimeinamisha kichwa kwa aibu kwa sababu watu wote wanageuka. Unaniambia, "Nilikwambia usimame wapi?"

Safari ya Mombasa ilitufanya tuanze na mazoezi ya mpakani. Ulivaa miwani ya Baba ya kusomea, ukakaa nyuma ya meza ya jikoni, ukawa ofisa.

"Unakwenda Kenya kufanya nini?"

"Kusalimia."

"Sikusikii. Kumsalimia nani?"

"Mama mkubwa."

"Mama mkubwa hana jina? Anayefuata!"

Na anayefuata alikuwa Baba, anatafuta chumvi, naye unamhoji. Hakuwahi kufaulu. Ulimrudisha Tanzania kila siku.

Halafu ukaondoka kabla sijaingia kwenye mtihani wa kwanza. Asubuhi ulisema kichwa kinauma, ukawapeleka watoto, ukarudi ukaegesha Noah vizuri, pua getini. Sitaandika yaliyofuata. Unayajua, na mimi nayajua.

Mitihani niliifanya, Mama. Nilijibu kila swali. Nilipotoka siku ya mwisho wenzangu walikuwa wanarushiana maji na kuandikiana kwenye mashati, na mimi nikajikuta nimesimama nje ya geti naangalia barabarani, nasubiri honi.

Nilidhani safari imekufa. Nilipoitaja mara moja, kwa sauti yangu ile ndogo ya mazoezi ya jikoni, Baba alisema, "Ile ilikuwa safari ya mama yako," akachukua sahani yake akaenda kuiosha. Nikanyamaza. Pole, kumbe hasemi.

Mjomba Elia ndiye aliyekuja kuharibu ukimya wetu. Mdogo wako hajabadilika, anaanza kuongea tangu getini. Alitoka Tanga kuchukua machungwa, akatuletea kiroba. Akasema Pangani wanajenga daraja, nguzo zimeshasimama ndani ya mto. "Likiisha hilo, shemeji, pantoni mtaiona kwenye picha." Alisema kama mtu anayetoa habari njema. Baba akaitikia, "Maendeleo hayo." Mimi nikaiangalia ile kalenda. Uliweka pantoni mbili. Nikaona moja inafutika.

Nilimfuata Mjomba getini. Nikamwomba anifundishe gari. Akaniangalia kama vile geti ndilo limeongea.

"Wewe? Wewe unayeogopa kumwambia konda 'shusha'?"

"Mimi, Mjomba."

Nikaingia chuo cha udereva, na Jumapili baada ya ibada Mjomba alinipeleka na Noah kwenye uwanja wa mpira kunipa mazoezi ya ziada. Aliniita "Dereva Bubu". Nilizima gari mara nyingi. Niligonga goli, Mama, lile la chuma. Taa ya nyuma imepata ufa kidogo, usiwe na hasira. Lakini leseni nimeipata. Na nilipokwenda kuomba pasipoti, yule ofisa aliniuliza bila kuinua macho nakwenda wapi na kufanya nini, na mimi nikajibu, "Nakwenda Mombasa kumsalimia mama yangu mkubwa, Eliwaza, anaishi ng'ambo ya Likoni!" Nilipaza sauti kiasi kwamba benchi zima liligeuka. Ofisa akasema, "Binti, nakusikia." Nilitamani sana ungekuwepo kwenye benchi lile.

Jioni hiyo nilimwambia Baba yote, nikiwa nimesimama. Kwamba Mjomba ataendesha barabara kuu na sehemu zote ngumu. Kwamba bima ya kuvukia mpaka nimeshaiulizia. Kwamba ninachotaka mimi ni pantoni tu, niivushe Noah mwenyewe, Pangani na Likoni, kabla daraja halijaisha. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Ivushe kwanza hapa Kigamboni, nikiona. Baada ya hapo tutaongea habari za Pangani. Ukishindwa, gari linakaa, na habari hizi ziishe."

Tulikwenda jana, sisi wawili tu.

Kwenye foleni nilimwambia Baba ashuke. Alishangaa, Mama. Miaka yote hiyo hakuwahi kuvuka na sisi, hakuijua sheria. Alishuka na gazeti lake, akasimama pembeni ya mlango, na mdomo wangu ukasema wenyewe: "Baba, ukifika simama mahali ninapoweza kukuona." Akaniangalia, halafu akaenda na watu.

Yule anayepanga magari alinipigia kelele, "Sogea! Sogea, dada wa Noah! Hapo hapo! Handbreki, dada, hapa si sebuleni kwenu!" Nikavuta handbreki kama nang'oa muhogo. Kushoto kwangu lori la saruji, kulia lori jingine, mbele mgongo wa basi dogo. Pantoni ikaondoka.

Ndipo nikaelewa kitu ambacho sikukijua kwa miaka yote. Kutoka kwenye kiti chako huoni mtu. Mimi nilidhani unaniona. Nilidhani uko juu pale kwenye Noah, umetulia, unafurahia upepo na kuniangalia nikiwa nimeshika chuma cha pembeni. Kumbe huoni bahari wala upepo haukufikii, unaona matairi ya lori. Mtoto wako yuko mahali fulani katikati ya watu wote wale, juu ya maji, na wewe umefungiwa na gari, huwezi hata kufungua mlango. Na ukaipenda pantoni hivyo hivyo.

Tulipofika nilitoka taratibu, nikapanda ule mwinuko, haikuzima. Nikasogea pembeni penye wauza machungwa. Watu wanapita, wanapita, Baba simwoni. Nikashusha kioo, nikachungulia. Niliwaza mambo ambayo mtu aliyezika hivi karibuni huyawaza haraka. Nikapiga honi. Mara mbili.

Mama, miaka yote nilidhani kwa honi ile ulikuwa unaniita. Kumbe ulikuwa unanitafuta.

Baba alitokea nyuma ya meza ya machungwa. Alikuwa amejibanza palepale, mahali pangu. Alikuja polepole, gazeti amelikunja likawa dogo kabisa mkononi, na macho yake yalikuwa mekundu. Nafikiri alikuwa hajaisikia honi hiyo tangu ulipoondoka. Akaingia, akafunga mkanda, akaangalia mbele. Niliendesha mpaka karibu na kiwanja. Hapo ndipo akauliza, "Na huko Pangani nako utanishusha hivi hivi?"

"Ndiyo, Baba. Ndiyo sheria."

"Na Likoni?"

"Na Likoni."

Akatingisha kichwa. "Haya," akasema. "Basi nitafute viatu vizuri vya kutembelea."

Kwa hiyo tunakwenda, Mama. Mjomba Elia anajisifu kwa majirani kuwa ndiye aliyenifundisha, habari ya goli haitaji. Mama Mkubwa amepigiwa simu, alilia, halafu akauliza tunakula nini. Baba anafanya mazoezi ya mpakani mwenyewe akiwa anapika. Nimemsikia leo akiiambia sufuria, "Kumsalimia shemeji yangu, anaitwa Eliwaza." Nilitaka kumwambia "Anayefuata!" lakini nikaacha. Hilo neno bado ni lako.

Kiti cha mbele ningetaka ukikalie wewe. Najua. Nimekaa hapa muda mrefu nikikiangalia. Atakaa Baba. Ukunda tutakunywa madafu, na dafu lako nitaliagiza, nitatugawia, sitalirudisha kwa muuzaji.

Naifunga barua hii hapa kwa sababu giza linaingia na Baba ananiita nikale. Lala vizuri huko kwenu, Mama, na umsalimie Bibi. Mimi nakuahidi hivi: nitavuka pantoni zako zote mbili. Na nikifika ng'ambo, ya kwanza na ya pili, na popote nitakapokuwa nafika baada ya hapo, sitajibanza nyuma ya meza ya mtu. Nitasimama mahali unapoweza kuniona.

Mwanao,
Nomi