Gari la Miaka Ishirini

Kaka mpendwa,

Pokea salamu kutoka nyumbani. Natumaini u mzima, na wifi hajambo, na watoto wanaendelea vizuri na shule. Mimi ni mzima wa kwenda kazini na kurudi. Baba naye anaendelea, neno ambalo madaktari wanalipenda kwa sababu halisemi mtu anaendelea kwenda wapi.

Katika ujumbe wako wa mwisho uliuliza kama gari linawaka. Linawaka. Lakini wewe gari hilo umeliona kwa picha tu, kwa hiyo vumilia nikupe habari zake tangu mwanzo.

Baba alipostaafu kule kwenye mitambo ya maji, alisema anataka gari jipya, lile la juu, la kubeba familia nzima. Nilimuuliza familia ipi, maana Mama alikuwa ameshatutoka na mezani tulikuwa tunakaa wawili. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake. Akasema, familia ya kaka yako.

Basi kila Jumamosi nisiyokuwa zamu nilimpeleka kwenye maduka ya magari. La kwanza tulilolitazama lilikuwa na skrini kubwa kama ya sebuleni na taa za ndani za kubadilika rangi. Kijana wa mauzo, mwenye suti ya kumbana mabega, alituzungusha kwa adabu zote. Baba hakutazama taa. Aliomba bonneti ifunguliwe. Akauliza kama injini inaendeshwa na cheni au mkanda, kama giaboksi ikisumbua fundi wa kawaida anaweza kuifungua au inatupwa nzima, na vipuri vitapatikana wapi gari hilo likishaacha kutengenezwa. Kijana akamwambia kwa upole kwamba watu wengi hubadilisha gari kila baada ya miaka mitano. Baba akamjibu kuwa yeye hanunui gari la watu wengi, anataka la miaka ishirini.

La pili lilitumia petroli na umeme. Hilo alilipenda, nakuambia kweli, alilizunguka mara kadhaa huku mikono ameifunga mgongoni. Lakini aliposikia dhamana ya ile betri kubwa inakwisha mapema kiasi gani, alirudi nyuma. Alisema hawezi kumwachia mwanawe kitu ambacho moyo wake unaagizwa ng'ambo.

La tatu ndilo hilo. Viti vigumu, dashibodi ya kizamani, injini isiyo na turbo na inayokunywa mafuta bila aibu. Fundi wetu wa gereji, yule tunayemwita Daktari, alimhakikishia kwamba gari hilo litakuja kwake kubadilisha oili na breki na si zaidi. Mimi nililipinga kwa sababu moja tu: lilikuwa juu mno. Nilimwona Baba anavyoshika mlango kwa mikono miwili ili apande, na nikamwambia lile la kwanza lina kidato cha chini. Akasema, "Si mimi nitakayelipanda."

Jioni ile alikupigia simu, akaiweka sauti ya nje ili nami nisikie. Ulimwambia, "Hilohilo, mzee. Nikirudi nitalikuta zima." Sijawahi kumwona Baba akicheka namna ile tangu msiba wa Mama.

Gari lilipokuja alimshonesha fundi wa viti turubai la kulifunika. Plastiki za viti hazikutolewa, na hadi leo zipo. Mvua zilipoanza, nikawa navuka reli kila asubuhi na buti za mpira hadi kiwandani, nikifika maabara ya maziwa na matope hadi magotini. Nikamwomba nilitumie, angalau siku za mvua. Hakukasirika. Alinieleza kama mwalimu anavyomweleza mwanafunzi, kwamba kila injini ina kilomita zake, na kila kilomita nitakayoitumia mimi naitoa kwa kaka. Nikavaa buti zangu.

Kwa hiyo alikuwa akiliwasha mwenyewe kila wiki, analingurumisha uani, analizima. Baadaye vikombe vikaanza kumdondoka. Alisema ni sabuni. Nadhani siku zile ndipo alipoacha kuliwasha, kwa sababu mkono ulikuwa haugeuzi ufunguo. Hakuniambia, na ufunguo hakunipa.

Alianguka mchana, baada ya chakula, kwenye kile kikorido cha kuelekea bafuni. Nilimkuta mdomo umekwenda upande. Gari la wagonjwa lilikuwa limetoka, wakaniambia nisubiri. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake, na kaka, aliushika. Kwa ule mkono mzima aliushika, nikamfungua kidole kimoja kimoja huku nalia na kumwomba radhi. Nikavuta turubai, nikakaa juu ya ile plastiki, nikageuza. Gari likatoa kishindo kidogo kama mtu anayesafisha koo, basi. Betri ilikuwa imekufa kwa kukaa.

Jirani yetu muoka mikate ndiye aliyemwokoa. Alizitupa trei barabarani kutoka kwenye gari lake la kusambaza mikate, tukamlaza Baba juu ya magunia ya unga, tukaenda. Hospitalini, daktari hakunilaumu. Aliuliza tu kilichotuchelewesha, nikasema betri. Akaniambia pengine mkono ungepona kama tungewahi. Pengine.

Hayo uliyajua nusunusu. Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nikuandikie.

Unakumbuka mwezi uleule gari lilipofika ulinipigia mimi peke yangu. Ulisema mmenunua nyumba huko, wifi hataki kusikia habari ya kuhama, na kurudi hamtarudi tena ila kwa matembezi. Kisha ukanisihi nisimwambie mzee, kwamba itamuua. Nilikutii. Nimelifuta vumbi gari lako huku nikijua. Nimemsikiliza akipanga watoto wako watalala chumba kipi huku nikijua.

Wiki iliyopita nilikuwa namnyoa ndevu. Maneno yamemrudia, ila yanatoka polepole na upande upande. Akaniagiza nikuulize unakuja mwezi gani, ili Daktari alipitie gari kabla. Nikaweka wembe chini. Nikamwambia, "Baba, harudi. Aliniambia mwenyewe."

Haikumuua. Povu la sabuni lilikuwa linamkauka kidevuni. Nami nilisubiri, na sitakuficha nilichokuwa nasubiri. Nilisubiri aniambie nichukue ufunguo. Sikulitaka gari, kaka. Nilitaka kusikia amenipa.

Akasema, "Basi lifunike vizuri. Labda mtoto wake mmoja."

Nilimalizia kumnyoa. Mchana nikaenda kwa meneja nikakubali kazi ya kusimamia maabara ya tawi jipya, ile niliyokuwa nikiikataa kwa ajili ya Baba. Ni mbali, huko sitakuwa narudi jioni. Naondoka mwisho wa mwezi. Nimempata mama mmoja aliyefanya kazi wodini miaka mingi, mtu mtulivu, atakuwa naye mchana na usiku mpaka wewe utakapopanga vingine. Nimesema wewe, kwa sababu kuanzia sasa ni wewe. Gari limewekwa betri mpya. Daktari aliliwasha, akamrudishia Baba ufunguo; anao yeye, chini ya mto, mimi sikuugusa.

Usiniandikie kunieleza. Najua maisha ya huko ni magumu, najua una watoto. Hayo yote nimeshamwambia Baba kwa niaba yako zaidi ya unavyodhani.

Nisalimie wifi, na watoto uwaambie shangazi yao anawabusu ingawa hawamjui. Jirani muoka mikate naye anakusalimu, anakukumbuka ukiwa mdogo. Baba sikumwambia nakuandikia, kwa hiyo salamu zake sina. Ukitaka kumsikia piga ya nyumbani, simu iko mezani karibu na kitanda chake. Ataipokea mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Inamchukua muda kuifikia. Usikate.

Ni mimi,
Mdogo wako