Maziwa ya Marehemu Aden

Abaayo, dada yangu Rahmo, acha kila kitu usome. Wallahi mbavu zinaniuma kwa kicheko, na hasira bado ninazo.

Ni yule mtaalamu wa kompyuta wa Nairobi, aliyeletwa kuunganisha orodha ya zahanati ya Liboi na ile ya chakula hapa Garissa. Deka wetu wa masomo ya jioni, mpiga chapa wa ofisi, alimwambia mapema, mtoto mgongoni: "Tumia namba ya kadi ya familia. Na ujaribu watu ishirini kwanza."

"Dada, wewe chapa tu," akajibiwa. Chapa tu!

Bwana mkubwa akaunganisha kwa jina la mwisho. Jina la mwisho, Rahmo! Kwetu si ndilo jina la babu?

Leo lori linapakiwa maziwa ya watoto, kopo moja kwa kila nyumba, orodha ikatoka: nyumba moja, watoto mia mbili na kumi na wanne, mwenye nyumba Aden.

Watoto mia mbili, kopo moja!

Mzee Khalif, mkuu wa ofisi, akauliza, "Aden huyu ni nani?"

"Ni babu za watu, mzee," Deka akasema. "Wengi walishakufa."

"Basi rudisha orodha ya mwanzo."

Mtaalamu alikuwa ameifuta. Ameifuta, abaayo!

Deka akapekua mfuko wa nepi, akatoa disketi. Alikuwa ameweka nakala kabla kitu hakijaguswa. Akaketi, akaunganisha kwa namba za kadi, kisha akamsukumia mtaalamu karatasi ya majina ishirini ayahakikishe.

"Kaka," akamwambia, "wewe soma tu."