Neno Lililotoka Chumbani

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimefagia, nimepanga viti vitatu, nimefungua dirisha. Wiki ya pili ya kazi hii. Chumba ni kile kile cha kupimia watoto uzito, mizani tumeisogeza pembeni. Mlangoni Bwana Mutiso kabandika karatasi: USHAURI KWA WACHEZA KAMARI. Nani wa Faza atapita mlango huo watu wakimtazama? Sikumwambia. Hakuniuliza.

Yeye ni mshauri, Mkamba, kaletwa na mradi. Mimi nimewekwa nimsaidie kuwaelewa watu wetu. Kiswahili anajua, lakini watu wakisema kwa haraka, kwa lugha ya kwetu, anapotea.

Leo kaja mmoja, Bwana Shee wa kisiwa cha Ndau. Kavuka asubuhi mapema ili asionekane, kashuka gatini mbele ya watu wote. Mutiso hakumuuliza watoto, hakumuuliza safari. "Umecheza kamari tangu lini?" Bwana Shee kakunja uso. Kamari ni haramu, kasema, yeye hachezi. "Nabeti tu mpira." Kisha kanigeukia mimi, kwa lugha ya kwetu, mbio mbio: kauza dhahabu ya mkewe, na mke anadhani imeibiwa. Anamshuku mjakazi wa jirani.

Mutiso kaniuliza, "Amesema nini?" Nikajibu kwamba analalamikia joto. Niliona haya kwa niaba yake. Sikutafsiri.

Mutiso kaandika kitu daftarini. Kitu gani, wakati hakuambiwa neno?

Jumanne, 7 Oktoba

Athmani kaniuliza habari za kazi wakati wa chakula cha mchana. Mume wangu ni fundi wa mashine za boti. Miaka kumi na tisa ya ndoa, sikumbuki kuniuliza kazi yangu hata mara moja. Nilifurahi kama msichana. Nikamwambia kidogo, jina sikutaja. Mtu wa Ndau, dhahabu, mke anadhani mwizi.

Akaacha kula. "Aliwataja wenziwe?"

Hapana, nikasema. Akanawa mikono na kutoka. Samaki kabaki sahanini.

Alhamisi, 9 Oktoba

Bwana Shee karudi. Hakuketi. Kasimama katikati ya chumba. Kapigiwa simu, kasomewa maneno yake ya dhahabu kama alivyoyasema humu ndani. Nani kampigia? Hataki kusema. Akamnyooshea Mutiso kidole. "Mtu wa nti nyingine, mtu wa bara, nilikosea kuja kwako."

Mutiso akauliza dhahabu gani. Uso mkavu kabisa. Mwongo mkubwa.

Nimemwona mara mbili akinywa chai na askari wa kituo. Wote watu wa bara, wote kanisa moja. Daftari halitoki mkononi mwake. Sasa najua linafanya kazi gani.

Ijumaa, 10 Oktoba

Wanawake wameniuliza sokoni kama mshauri yule ni wa polisi. Sikusema ndiyo. Nilitazama chini, nikasema mimi sijui, ila jichungeni. Ikatosha.

Baada ya alasiri nimekuta karatasi ya mlangoni imechanwa vipande. Mutiso alikuwa ameinama anaviokota kimoja kimoja. Nilimpita. Sikumwonea huruma.

Jumamosi, 11 Oktoba

Hakuja mtu. Tulikaa wawili tu, kutwa, hatutazamani. Aliniuliza kama nimemwambia mtu yeyote yaliyosemwa humu. Mimi! Nilikasirika nikatoka nje nikakaa kizingitini hadi saa ya kufunga.

Jumapili, 12 Oktoba

Yeye kaenda kanisani. Mimi nina ufunguo wa chumba. Nimefungua daftari, leo kaliacha mezani.

Hakuna majina. Hakuna hata jina la kisiwa. Nimesoma ukurasa wa Jumatatu mara tatu: "Mtu wa asubuhi. Nimemuuliza vibaya, nimeanza na kosa lake. Neno lenyewe hawalitumii. Amemwambia Bi Zena jambo zito. Bi Zena hakuniambia, labda kwa aibu. Nisimlazimishe."

Hapo nikakaa chini.

Hakuijua dhahabu. Angeijuaje, na mimi niliyemzuia? Katika chumba kile tuliijua wawili, Bwana Shee na mimi. Na mimi nilimwambia mtu mmoja tu.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimemuuliza Athmani. Nilingoja amalize chai. Je, maneno yangu ya Jumanne kampelekea nani? Akaapa. "Wallahi, sikumwambia mtu asiyejua."

Asiyejua. Kwa nini useme hivyo? Mtu safi husema sikumwambia mtu, basi.

Simu yake huilaza kifudifudi. Tangu lini? Spana zake hazipo barazani, sanduku zima. Anasema yuko na kazi Ras Kitau, boti za hoteli, kaziacha huko asibebe kila siku.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimempigia binamu yangu anayefanya kazi kwenye boti za hoteli Ras Kitau. Nikajifanya nasalimia. Athmani? Hawajamwona huko tangu kabla ya Maulidi.

Basi ni mwanamke. Nimejiambia hivyo kutwa nzima na, Mungu anisamehe, nilipata nafuu kidogo. Mke mwenza namjua ni kitu gani. Dada zangu wawili wanao. Kuna njia ya kuishi naye.

Lakini "aliwataja wenziwe" haitoki kichwani. Mtu mwenye mwanamke anauliza hivyo?

Jumatano, 15 Oktoba

Nimemwambia Mutiso yote. Kwamba sikutafsiri. Kwamba nilitoa siri nyumbani kwangu. Kwamba nilifungua daftari lake. Kwamba sokoni nilimwacha aitwe mpelelezi, na mimi ndiye niliyewasha moto huo.

Alifunga daftari polepole. Niliona mshipa wa shingo yake umesimama. Alikasirika na ana haki.

Mwishowe akasema, "Hilo la sokoni utalirekebisha wewe mwenyewe, kwa mdomo wako. Na mimi nina langu. Nimewakalisha wanaume mbele ya jirani yao, nikawauliza dhambi zao kabla ya kuwauliza hali. Kwetu pia mtu angekimbia."

Kisha akaniuliza, kwa mara ya kwanza tangu aje, watu wa hapa huanzaje jambo gumu. Nikamwambia. Huanza kwa salamu, na salamu zetu ni ndefu. Haanzi mtu na mtu asiyemjua wazazi. Mwanamume hasemi aibu yake ameketi amekaziwa macho, husema akiwa na kazi mikononi au akitembea. Na hasemi mbele ya mke wa mtu. Hasa mbele yangu.

Aliandika. Safari hii alinigeuzia daftari nisome.

Alhamisi, 16 Oktoba

Ndau. Tumekwenda wawili kuomba radhi. Mkewe Bwana Shee alitukaribisha, mwenyewe hakutoka. Mutiso alisalimia vizuri. Alikaa, akanywa maji, akauliza watoto, wazee, kisima. Hakufungua daftari. Nilimwona anavyojizuia.

Bwana Shee katoka baada ya adhuhuri. Nikamwomba mkewe atupishe kidogo, nikamwambia Bwana Shee kwamba mdomo ulikuwa wangu. Huyu mgeni hakujua lolote. Nilimwambia nilimsimulia mume wangu, Athmani fundi wa boti, naye sijui alimwambia nani.

Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto.

"Bi Zena, hakumwambia mtu. Ni yeye aliyenipigia. Aliogopa nimemtaja. Wala sikujua kama wewe ni mkewe, ndipo nikamdhania mgeni."

Wanaweka mkeka pamoja. Mwaka wa tatu huu. Athmani huchagua timu, Shee hutuma pesa. Mkeka, ndivyo wanavyouita huo mkusanyo wa mechi. Mara ngapi nimemsikia Athmani akisema simuni "mkeka wangu umechanika", na mimi nikadhani anaagiza wa kulalia.

Sikulia kwenye boti. Mutiso alitazama mikoko upande wa pili safari nzima. Namshukuru kwa hilo.

Ijumaa, 17 Oktoba

Asubuhi nimepita sokoni. Mwanamke mmoja mmoja. Nilisema, mshauri si wa polisi, mimi ndiye niliyetoa siri. Nyuso zao! Wengine hawatanisalimia mwezi huu. Bwana Shee naye kanitumia salamu: kamwambia mkewe ukweli, na mjakazi wa jirani keshaombwa radhi. Mke karudi kwa mamake.

Jioni, kabla ya magharibi, nilimwambia Athmani, "Nimetoka Ndau jana."

Hakubisha. Nilikuwa nimejitayarisha kwa kubishiwa. Alikaa chini kwenye ngazi, mtu mzima, akasema spana zimekwenda kwenye mkeka. Na mashine ya kaka yake aliyopewa atengeneze, nayo imekwenda. Alisema siku ile aliniuliza kazi yangu ili ajue kama chumba kile kinashika neno. Alitaka kuja. Na mimi nikamwonyesha kwamba hakishiki.

Namchukia. Najichukia. Nimepika, tumekula.

Jumatano, 22 Oktoba

Karatasi haitabandikwa tena. Mutiso anashinda kwenye karakana ya kuchonga boti, anapiga msasa, anaulizwa kwao Kitui kuna nini. Athmani alikwenda huko jana, akarudi, akaenda tena leo. Mimi nimerudi kwenye mizani na watoto. Nimeomba mwenyewe nisikae na Mutiso kwa kazi ya wanaume.

Bado nashuku. Athmani akitoka, nahesabu hatua zake. Akigusa simu, namtazama vidole. Kaka yake alikuja kuhusu mashine, wakasemezana vikali uani, mimi nikakaa ndani nikisikiliza kwa aibu ya kusikiliza.

Jumapili, 26 Oktoba

Asubuhi shwari. Nimeanua nguo. Athmani kaja akasimama upande wa pili wa kamba, hajaombwa, akaanza kukunja mashuka nami.

Akasema, "Jana nimebeti. Mara moja. Nimekwishamwambia Bwana Mutiso, na wewe nakwambia."

Niliendelea kushika pembe zangu mbili za shuka na yeye zake. Mikono yake ilikuwa na vumbi la mbao.

Nimemwamini.