Kikapu cha mama mkwe

Jumapili, Nengo

Nani alinituma kubeba sambaza! Leo nimekwenda bonde la mto Sebeya kujitambulisha kwa mama yake Faustin, mchumba wangu, na kwa kuwa mimi ni muuza samaki, nikampelekea hao samaki wadogo wa ziwani. Kumbe wale ni wafugaji, samaki hawaingii nyumbani kwao. Faustin hakunionya. Bado nina hasira naye.

Mama alifunua kikapu changu, akakifunika tena. Nikajua uchumba umekwisha.

Lakini wakati wa kuaga alinisindikiza mwenyewe mpaka darajani, akanipa kikapu kingine kimejaa maharagwe.

"Maharagi ni ya kwako," akasema. "Kikapu ni yangu. Utairudisha."

Kiko hapa mezani. Jumapili ijayo naiona mbali.